Swali Moja kwa Mguu Mmoja

Mtoto wa miaka minane husimama kwa mguu mmoja kabla hujamaliza kumweleza namna ya kufanya. Kumuuliza swali la maana akiwa bado amesimama hivyo, kisha wewe mwalimu ukafunga mdomo na kusubiri, hapo ndipo penye kazi. Walimu wa yoga ya watoto wanaojua kuinua mguu ni wengi duniani. Wanaojua kusubiri ni wachache, na huyu ninayetaka kumsifu ni mmoja wao.

Hufundisha Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kukodi upande wa Njiro, Arusha, wenye sakafu ya saruji na madirisha yanayotazama mlimani. Jina lake naliacha, kwa kuwa yeye si mtu wa kutaka kutajwa. Watoto humwita Madam, kama wanavyowaita walimu wao wa shuleni. Mikeka ni mchanganyiko: michache ya mpira, iliyobaki ya ukindu ya kununua sokoni. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikikaza, watoto huingia na masweta na soksi, na shughuli ya kwanza ni kuvua soksi ili mtu asiteleze. Kisha huja salamu. Shuleni wamezoea kusimama wote na kuimba salamu kwa pamoja. Hapa kila mmoja hutoa shikamoo yake na kupokea marahaba yake, akitajwa jina. Mgeni ataona ni adabu tu, lakini darasa limeshaanza hapo, maana mtoto aliyesalimiwa peke yake atathubutu baadaye kujibu peke yake.

Mkao wa kwanza ni mlima. Ni rahisi kuliko yote: nyayo zote sakafuni, magoti yasikazwe, mabega yashuke, macho mbele. Anayechungulia dirishani ataona watoto wamesimama tu. Siku moja, kabla ya mkao huo, Madam aliwagawia karatasi na penseli akawaambia kila mtu achore Mlima Meru. Wengi walichora pembetatu, wengine wakaiongezea wingu. Msichana mmoja, ambaye bibi yake anaishi Ngare Nanyuki, alichora mlima wenye pengo kubwa ubavuni, ukuta mrefu kwa nyuma na kilima kidogo katikati ya pengo. Wenzake wakamcheka. Wakamwambia huo si Meru, amekosea.

Anayeijua Meru kwa kuizunguka ataelewa. Ukiwa mjini, kuanzia Sakina hadi Njiro, mlima ni pembetatu iliyotimia, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, mabega sawa kulia na kushoto. Lakini pita Usa River, uingie njia ya Momella, kisha uinue macho: ubavu wote wa mashariki haupo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, mawe na tope vikateremka kuelekea upande wa Kilimanjaro, na vijilima vilivyotapakaa Momella, pamoja na maziwa ya huko, vimekaa juu ya kifusi hicho. Ndani ya shimo lililobaki imesimama koni ya majivu. Mara ya mwisho mlima kutoa moto kidogo ilikuwa mwaka 1910.

Madam anayajua haya yote. Mimi ningeyamwaga palepale, nikamtetea yule msichana, nikafunga mjadala kwa jiolojia. Yeye alilaza michoro miwili sakafuni kando kwa kando, wa pembetatu na wa yule msichana, akawasimamisha watoto katika mkao wa mlima, macho kwenye karatasi, akauliza: "Nani amechora Meru?"

Kimya. Gari likapita nje. Kijana mmoja akaanza kuchezesha vidole vya miguu. Mwingine akasema wote wawili wamepatia, kwa sauti ya mtoto anayetaka yaishe. Mwingine akapinga: hawezi kupatia kila mtu, mlima ni mmoja. Wa tatu akaleta suluhu, kwamba kwa bibi ni nyuma ya mlima, ndiyo maana unaonekana vibaya. Hapo msichana mwenyewe, ambaye alikuwa hajasema kitu, akajibu bila kugeuza shingo: "Kwa bibi si nyuma. Nyie ndio mko nyuma."

Madam hakumpongeza. Aliwaambia wavute pumzi, waitoe polepole, kisha wageuke robo na kusimama tena, mlima uleule, dirisha lingine. Akaacha hivyo. Katika vitabu vya falsafa jambo hili lina kurasa nyingi: kama anayetazama anaweza kujitoa mahali anapotazamia, na kama kitu kimoja kinaweza kusemwa kwa namna mbili zote za kweli. Watoto wale walilishika kwa miguu. Juma lililofuata swali lilirudi limevaa nguo nyingine: mlima uliopoteza ubavu bado ni mlima uleule, au ni mwingine wenye jina la zamani? Wagiriki wa kale waliuliza hivyohivyo kuhusu merikebu iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine.

Kuna wanaodhani falsafa katika yoga ya watoto ni nyongeza, kitu cha kunyunyizia juu ya mazoezi ili wazazi waone thamani ya ada. Historia inasema kinyume. Maandishi mafupi ya Patanjali, yanayohesabiwa kuwa msingi wa yoga, yana sutra 195 au 196 kwa kutegemea nakala, na zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu tu. Katika njia yake ya hatua nane, mkao ni wa tatu. Yanayotangulia ni namna ya kuishi na watu na namna ya kuishi na nafsi yako: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia, kutojilimbikizia, kisha usafi, kuridhika, juhudi, kujichunguza, na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao mingi tunayoiona leo ilipata sura yake baadaye sana. Sehemu kubwa ilifinyangwa miaka ya 1930 katika kasri la Mysore, kusini mwa India, ambako Krishnamacharya alikuwa akifundisha wavulana. Kwa maana hiyo yoga ya kurukaruka inayouzwa kwa watu wazima katika miji mikubwa ina deni kwa darasa la watoto. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Turudi kwenye mguu mmoja. Kwenye vitabu mkao huu huitwa mti: unyayo wa mguu mmoja umebanwa kwenye paja la mwingine, mikono kifuani au juu. Watoto wa Arusha hawahitaji kitabu. Wamewaona wachungaji wa Kimaasai na Kiarusha pembezoni mwa barabara, wameegemea fimbo, mguu mmoja umepumzika kwenye goti la mwingine, wakiangalia ng'ombe. Waliofika Momella wamewaona pia heroe, wale ndege wa waridi, wamesimama majini kwa mguu mmoja kama mtu aliyesahau alikuwa anaelekea wapi. Madam huwaachia uchaguzi: atakaye awe mchungaji, atakaye awe heroe, atakaye awe mti. Wavulana wengi huwa wachungaji, na daima hudai fimbo.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichapisha jambo la ajabu kuhusu heroe. Mguu wake umeumbwa kwa namna ambayo akisimama kwa mmoja viungo hujifunga vyenyewe, na misuli haifanyi kazi kubwa. Hata mzoga wa heroe uliweza kusimamishwa kwa mguu mmoja bila kuanguka. Kwake, kusimama kwa miwili ndiko kuna gharama. Madam alilitoa jambo hili kwa watoto kipande kwa kipande, wakiwa wamesimama, mapaja yameanza kutetemeka. Kisha swali: "Mchungaji na heroe wamesimama sawasawa. Nani ana subira?"

Ninaona swali hili ni kazi ya fundi kwa sababu tatu ambazo mwanzoni hazionekani. Limekuja wakati mtoto ana ushahidi ndani ya mwili wake. Anajua sasa hivi subira inaumaje. Halina jibu ambalo mtu mzima amelificha mfukoni, na watoto hunusa haraka swali lenye jibu lililofichwa. Tena linagusa jambo kubwa, kama wema usio na gharama bado ni wema, bila kutumia neno wema wala neno falsafa. Mtoto mmoja alisema heroe hana subira, ana mguu mzuri tu. Mwingine akauliza kama mtu aliyezaliwa mpole basi hana sifa yoyote. Yule wa pili alikuwa na miaka tisa. Aliuliza huku anaanguka, akacheka, akainua mguu tena, na swali lake likabaki limening'inia juu ya mikeka.

Halafu ule ukimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wastani ulikuwa kama sekunde moja. Waliposaidiwa kufikisha tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojibu wakaongezeka, na waliosema "sijui" wakapungua. Sekunde tatu! Jaribu kuzihesabu mbele ya watoto wanaokutazama, uone zilivyo ndefu. Mwalimu wa darasani hana pa kuzificha; akinyamaza anahisi kazi imemshinda. Hapa ndipo yoga inapompa mwalimu kitu ambacho ubao haumpi. Ukimya una shughuli yake: kuna pumzi ya kuvuta, kuna pumzi ya kutoa, kuna mguu wa kushikilia. Madam husubiri pumzi tatu, wakati mwingine tano, na hakuna mtoto anayeona kuwa anasubiriwa. Mwenye kufikiri polepole haharakishwi, na mwenye haraka hawezi kuchomoka na jibu la juujuu kwa sababu kwanza lazima asianguke.

Matthew Lipman, aliyeanzisha falsafa kwa watoto huko New Jersey miaka ya 1970, aliandika hadithi za kusomwa darasani ili maswali yatoke kwa watoto wenyewe, nao wakae duara wayajadili. Njia yake imesambaa nchi nyingi. Lakini inadai kitabu, kusoma vizuri, na mazoea ya mjadala. Mtoto aliyezoea kuimba "ndiyo mwalimu" hukaa katika duara hilo akisubiri kuambiwa jibu. Kwa huyo, kuanza na mwili ni mlango mwepesi, na sisi tuna mlango mwingine ambao Lipman hakuwa nao.

Mlango huo ni kitendawili. Mwishoni mwa kipindi, watoto wamechoka, Madam huwaambia wapige magoti, wainame, paji la uso liguse mkeka, mikono nyuma. Kisha kwa sauti ya chini: "Kitendawili!" Wanaitikia kwenye ukindu, sauti zimezibwa: "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Wote wanalijua jibu tangu chekechea, yai, na kulijua ndiko anakokutaka, maana hapo wameshakuwa wenyewe ndani ya yai. Anawaacha humo pumzi kadhaa. Ndipo anauliza: "Ukiwa humo ndani tangu mwanzo, utajuaje kuna nje?"

Plato aliliuliza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwa mfano wa watu waliofungwa pangoni wakitazama vivuli ukutani. Nimelisoma pango lile mara nyingi na bado naona yai lina ubora wake, kwa sababu kifaranga hakufungwa na mtu, na hakuna wa kulaumiwa. Majibu niliyoyasikia: kwa sababu kuna joto upande mmoja; kwa sababu ganda ni gumu, na kitu kigumu lazima kiwe na upande wa pili; hutajua, utatoka tu kwa bahati. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyekaribia kusinzia, alisema atasikia mama anaita. Na kweli, kifaranga huanza kulia ndani ya yai kabla ya kuanguliwa, na kuku humjibu. Madam alilijua hilo lakini alisubiri mpaka wote wameketi ndipo akalisema, kama habari ya kawaida ya kuku, bila kutangaza nani ameshinda.

Kwa watoto wakubwa, wa miaka kumi na kuendelea, kuna mkao wa shujaa: miguu imepanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa mbele na nyuma. Ni mkao unaounguza paja. Wakiwa hapo husimuliwa habari ambayo kwa baadhi yao ni ya ukoo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu, na nyumba zikachomwa. Watu walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa fidia, wala hawakushika silaha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuieleza kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Ardhi haikurudishwa kwa uamuzi wa kule New York. Hapo simulizi inakoma, mapaja yanawaka moto, na swali linakuja: "Shujaa huyu anapigana na nani?"

Angeweza kuwaambia kwamba kutodhuru ndilo jambo la kwanza kabisa katika orodha ya Patanjali. Hasemi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa mkato kwamba wakiambiwa jina la jibu wataacha kulitafuta. Siku moja vijana wawili walikorofishana vikali, mmoja akishikilia kuwa Wameru walishindwa, mwingine akishikilia kuwa asiyepokea fidia hajashindwa. Swali likapelekwa kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, mahali pa maswali yaliyobaki, na liko pale hadi leo.

Kuna wazazi wanaouliza kama yoga ni dini, na wana haki ya kuuliza. Eneo la Meru lina Walutheri wengi, mjini kuna Waislamu, Wakatoliki na Wapentekoste, na pia familia za Kihindu ambazo kwao haya si mageni hata kidogo. Madam haimbishi watoto mantra wala haweki sanamu, lakini hafichi yoga imetoka wapi. Mwenye shaka hukaribishwa aketi nyuma atazame kipindi kizima. Naona amefanya sawa. Kuficha asili ya kitu kwa watoto unaowafundisha kusema kweli ni mwanzo mbaya.

Kazi hii ikifanywa vibaya inachosha kuliko hesabu za Jumatatu. Nimeona mwalimu akiwalaza watoto chali, kisha akawahubiria robo saa kuhusu upendo, shukrani na kujiamini; nusu yao walilala usingizi wa kweli, nao walifaidi kuliko wenzao. Huko ni kutoa mawaidha, na mawaidha watoto wetu wanayapata ya kutosha nyumbani, msikitini na kanisani. Wengine hujaza kipindi kwa maswali, moja kila mkao, mpaka mtoto hajui lipi abebe kwenda nalo. Madam ana swali moja kwa kipindi. Hulichagua katikati ya juma, hulijaribu mwenyewe akiwa kwenye mkao, na akiona anaweza kulijibu papo hapo hulitupa. Wakati mwingine analoleta hufa: watoto wanatazamana, hakuna lolote, naye analiacha lipite bila kulifufua kwa vidokezo. Kustahimili swali lililokufa mbele ya darasa ni ustadi ambao hauonekani kwenye cheti chochote.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na mojawapo ya mambo aliyotaka shule zimjengee mtoto lilikuwa akili ya kudadisi. Tumeyatimiza mengi tangu hapo. Hilo tumelitimiza kwa kusuasua. Sidhani kwamba kila shule ya Arusha inahitaji yoga. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza, kabla ya kipindi cha kwanza, kuwasimamisha watoto wake kwa mguu mmoja uwanjani, akawauliza jambo ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Hakuna gharama isipokuwa ile ya kunyamaza.

Nawe mzazi utakayempeleka mtoto kwenye darasa la namna hii, nakuomba jambo moja. Mkiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani, usimwulize amejifunza mikao mingapi. Mwulize swali la leo lilikuwa lipi, na akikwambia, usimpe jibu.